Bei za mwaka 1968: nani aliyelipia urahisi ule?

Kila bei ya unga inapopanda katika Soko Kuu la Arusha, hesabu za zamani huibuka. Mzee mmoja hukumbuka mkungu wa ndizi ulionunuliwa kwa sumni, mwingine hutaja ratili ya nyama, wa tatu shati jipya la dukani, na vijana walioketi nyuma ya mafungu ya nyanya huishia kuamini kwamba babu zao waliishi peponi. Mazungumzo hayo ni matamu, lakini kwa mfanyabiashara na mnunuzi ni ya hatari, kwa sababu hutoa nusu tu ya hesabu. Bei hutajwa, mshahara hausemwi. Na malipo ya mkulima wa mlimani, aliyeilisha Arusha wakati huo kama anavyoilisha leo, hayaulizwi kabisa.

Hesabu ianze na pesa yenyewe. Juni 14, 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa shilingi ya Tanzania mahali pa ile ya Afrika Mashariki. Mfukoni mwa mtu wa Kaloleni au Ngarenaro zikaingia sarafu mpya: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50, yaani sumni, yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Zote zilikuwa pesa za kazi. Posta ilipotoa stempu zenye picha za samaki Desemba 1967, ya chini kuliko zote ilikuwa ya senti 5. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Uingereza ilipoishusha pauni yake Novemba 1967, Tanzania, Kenya na Uganda hazikuifuata, na pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mwenye duka la baiskeli pale mjini aliamka akikuta shilingi yake imepata nguvu mbele ya bidhaa za Mwingereza.

Kwa hiyo kinachokumbukwa na wazee kuwa ni urahisi wa vitu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, uzito wa shilingi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kitu huwa rahisi pale mtu anapokipata kwa kazi ndogo. Kutajwa kwa senti badala ya maelfu hakukifanyi kiwe rahisi.

Kipimo cha kazi kipo na ni chepesi kutumia. Mwaka 1969 kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa mjini kilipandishwa hadi shilingi 170 kwa mwezi. Julai 2025 kima cha chini cha serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ukigawanya, shilingi 1 ya mwaka 1969 inakaribia shilingi 2,940 za sasa kwa jasho la mtumishi wa ngazi ya chini. Sumni inakuwa kama 1,470, na senti 20 yenye mbuni inakuwa kama 590. Mzee akisema alinunua kitu kwa shilingi 2, muuzaji asicheke wala asione haya. Azidishe, apate kama shilingi 5,900, kisha atazame kibao chake. Mara nyingine atakuta bei yake imezidi ya zamani, mara nyingine atakuta iko chini.

Hesabu ya dola nayo inasema jambo linaloelekea hapo hapo. Shilingi 170 zilikuwa karibu dola 24. Dola imepoteza nguvu zaidi ya mara 8 tangu mwaka 1969, hivyo dola 24 zile ni zaidi ya dola 190 za siku hizi. Shilingi 500,000, kwa viwango vya miaka ya 2024 na 2025 ambapo dola ilicheza kati ya shilingi 2,400 na 2,700, nazo ni kati ya dola 185 na 208. Kwa maneno mengine, mfagizi wa ofisi ya serikali amezunguka zaidi ya nusu karne na kurudi karibu na pale pale. Aliyeajiriwa na mtu binafsi kwa mshahara wa chini ya hapo bado hajafika. Hapo ndipo penye malalamiko ya haki, na jawabu lake liko kwenye mshahara kuliko kwenye fungu la nyanya la mama wa sokoni.

Hata hivyo mshahara haukuwa wa kila mtu. Sensa ya Agosti 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini, na walioajiriwa kwa mshahara hawakufika 400,000. Mji wa Arusha wenyewe ulikuwa na watu 32,452. Ulikuwa mji mdogo wenye jina kubwa. Februari 5, 1967 Azimio lililopitishwa na TANU mjini hapa lilitangazwa, na siku moja baadaye mabenki yakataifishwa. Desemba 1 mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza rasmi, makao yake makuu yakiwa Arusha. Watumishi wa nchi tatu wakahitaji nyumba, maziwa, mayai na mboga, katika mji ambao mtu aliweza kuuvuka kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Vyakula hivyo vilitoka Mlima Meru. Mkungu wa ndizi ulishuka kichwani mwa mama kutoka Nkoaranga, Poli au Akheri hadi gulio la Tengeru, na pale bei ilipatanwa uso kwa uso. Mama alipoona mnunuzi anambana sana, alijitwika mzigo wake. Hiyo ilikuwa biashara ya watu wawili wenye hiari. Kahawa ilikwenda njia nyingine: chama cha msingi, chama kikuu cha ushirika, kisha mnada wa Moshi. Mkulima alipata malipo ya kwanza akasubiri ya pili, huku mauzo ya dunia yakibanwa na mgawo wa mkataba wa kimataifa wa kahawa wa mwaka 1962, uliofanywa upya mwaka 1968.

Mahindi ndiyo yaliyobeba mzigo wa mji. Kwa utaratibu wa serikali yalipaswa kupitia ushirika hadi kwenye bodi, kwa bei iliyopangwa mezani. Vinu vya unga vilivyotaifishwa vikaunda Shirika la Taifa la Usagishaji mwaka 1968. Mtaa wa Unga Limited, ambao hadi leo unabeba jina la kinu, ni ushahidi wa jinsi mji ulivyotegemea gunia la mkulima. Unga ukawa wa bei ya kuvumilika mjini kwa sababu mkulima alipewa kilichobaki baada ya chama, bodi, usafiri na kinu kuchukua vyao. Mlaji aliona urahisi. Mkulima ndiye aliyeulipia.

Malipo ya namna hiyo hayadumu. Mkulima asiyelipwa vizuri haandamani. Hupunguza shamba, hupanda kingine, au huuza gunia lake usiku. Ukame na vurugu za kuhamisha watu vijijini vilipokuja, hapakuwa na akiba ya kutosha, na mwaka 1974 na 1975 nchi ikalazimika kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Bei ya mkulima ikapandishwa kwa haraka, baada ya mlaji kukwisha kupanga foleni.

Soko la burudani lilifundisha somo hilo hilo kwa sauti tamu zaidi. Redio ilikuwa ndiyo mali ya fahari ya nyumba. Kijijini redio moja ilisikilizwa na ukoo mzima, na betri zake zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Radio Tanzania ilizileta hadi mlimani bendi za NUTA, Western, Morogoro na Jamhuri ya Tanga. Lakini aliyetaka santuri ya wimbo wa Kitanzania alinunua iliyotengenezwa Nairobi, kwa kuwa hapa hapakuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Mwaka 1970 ndugu wawili waliotoka Jamhuri, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzisha Arusha Jazz hapa mjini. Mwaka 1971 walikuwa wamekwisha kwenda Mombasa, na huko wakavuma kwa jina la Simba Wanyika. Arusha ilibaki na jina, Kenya ikapata bendi. Kipaji, kama gunia la mahindi, hufuata mahali penye kinu na mnunuzi.

Mavazi nayo yalikuwa na amri zake. Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam Januari 1, 1969. Upande wa Arusha kampeni ilimlenga Mmasai, aliyetakiwa aache lubega avae suruali kama alama ya maendeleo. Leo mwenye kibanda karibu na Mnara wa Saa anajua ni nguo gani mgeni huulizia kwanza: shuka lile lile. Watawala walilihesabu kuwa ni aibu, soko likaligeuza kuwa bidhaa. Laiti amri ile ingetimia, wafumaji, wauza shuka na wachuuzi wa Arusha wangekosa mlo ambao hakuna ofisi iliyouona ukija.

Si haki kusema miaka ile haikuwa na mema. Shilingi iliyotulia ni neema kubwa. Mtu aliweza kuweka akiba ya ada, mahari au bati la nyumba akajua mwakani itanunua kitu kile kile. Mfanyabiashara aliweza kukopesha bila hofu ya kulipwa makaratasi. Neema hiyo ilipotoweka baada ya mafuta kupanda mwaka 1973, Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na vita vya Kagera, watu wa Arusha walijifunza kuwa na bei mbili: ya serikali isiyo na bidhaa, na ya ulanguzi yenye bidhaa. Kama kuna jambo la kutamaniwa kutoka mwaka 1968, ni utulivu huo wa pesa. Walinzi wake ni Benki Kuu na Hazina, na hao ndio wa kudaiwa.

Lakini kinachodaiwa mara nyingi ni kingine. Unga ukipanda, sauti hutoka mjini kwamba mpaka wa Namanga ufungwe ili mahindi yabaki nyumbani na bei ishuke. Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi mwaka 2011, na tena mwaka 2017. Mlaji wa mjini hushangilia kwa msimu mmoja. Mkulima aliyekopa mbolea kwa bei ya soko huambiwa auze kwa bei ya huruma, na msimu unaofuata hulima kwa kadiri ya huruma aliyoonyeshwa.

Kabla ya kuililia bei ya zamani, mnunuzi na aulize maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kilikuwa kazi ya siku ngapi wakati ule, na leo ni ya siku ngapi? La pili: aliyekizalisha alipata nini? Wahenga walisema rahisi ghali. Unga wa mwaka 1968 ulikuwa rahisi mjini, na foleni za mwaka 1974 ndizo zilizokuwa ankara yake.