Bakole asikubali tena simu ya siku mbili

Wiki hii hatuandiki kuhusu rasheni wala kuhusu makaratasi. Tunaandika kuhusu ngumi, maana tangu Mei 3, 2025, siku Martin Bakole alipotoka sare na Efe Ajagba kule Riyadh, kwenye kibanda cha video hakuna amani. Nusu yetu wanasema Bakole amekwisha. Nusu nyingine wanasema majaji walimwonea. Tumebishana mpaka mwenye kibanda akatuzimia jenereta.

Sisi tunaoandika hapa tuna msimamo wetu. Bakole hajaisha, na wala majaji si shida yake kubwa. Shida yake ni ile simu aliyopokea mwezi wa pili. Na tunaisema kwa sauti kwa sababu simu kama ile inalia hata huku kwetu.

Kwa wale ambao hawafuatilii masumbwi, tuwaeleze kidogo. Bakole ni Mkongomani, mzaliwa wa Kananga, bondia wa uzito wa juu. Miaka mingi alifanya mazoezi Scotland, mji wa Airdrie, chini ya kocha Billy Nelson. Agosti 3, 2024, pale Los Angeles, alipewa Jared Anderson, kijana wa Kimarekani ambaye alikuwa na mapambano 17 na hajapoteza hata moja. Wamarekani walikuwa wanamwandaa Anderson awe bingwa wao. Bakole alimwangusha raundi ya kwanza kwa ngumi ya kutoka chini, halafu raundi ya tano akamwangusha mara mbili, mwamuzi akasimamisha. Ile siku tulipiga kelele hapa mpaka majirani Wasomali wakatoka kuuliza kama tumepata safari ya kwenda Canada.

Baada ya ushindi kama ule, mtu anategemea milango ifunguke. Haikufunguka. Agosti ikapita, Septemba, Oktoba, mpaka mwaka ukaisha, Bakole hana pambano. Mtu mkubwa mwenye ngumi nzito na jina ambalo haliuzi tiketi nyingi, nani atamtaka? Ukimshinda hupati sifa kubwa, akikushinda umeharibikiwa. Mabondia wenye majina wanajua hesabu hiyo.

Sasa tufike Februari 2025. Daniel Dubois alikuwa apigane na Joseph Parker wa New Zealand Jumamosi tarehe 22, Riyadh. Alhamisi Dubois akaugua, akatolewa. Simu ikampata Bakole akiwa nyumbani Kongo. Akasema ndiyo. Akapanda ndege, akafika Riyadh usiku wa manane wa kuamkia siku ileile ya pambano, akapimwa, akaonekana ana zaidi ya kilo 140. Siku alipompiga Anderson alikuwa na kilo kama 129. Wenyewe mfanye hesabu.

Tukumbushane pia wiki ile ilikuwa wiki gani kwetu. Goma ilikuwa imechukuliwa mwisho wa Januari. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Wengi wetu tulikuwa tunapiga namba za mama, za wajomba, za wadogo, na simu hazipatikani. Watu wapya walikuwa wanashuka hapa na magodoro kichwani. Ndani ya wiki kama hiyo tukasikia Mkongomani anaingia ulingoni Jumamosi kugombea mkanda wa muda wa WBO. Nani angemwambia akatae? Sisi hatukumwambia. Tulichanga pesa ya bando tukaangalia kwenye simu tatu.

Haikuchukua muda. Raundi ya kwanza Bakole alitembea mbele, lakini miguu ilikuwa mizito, anasukuma ngumi badala ya kuzirusha. Raundi ya pili Parker akamkuta na mkono wa kulia upande wa kichwa, Bakole akaenda chini. Alisimama, lakini mwamuzi alimwangalia akaona miguu haina mtu, akamaliza. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu alisema tu, "Huyu mutoto hakulala." Hiyo ndiyo ilikuwa maelezo mazuri kuliko yote ya watangazaji.

Wanaomtetea wana hoja tatu, na tuzijibu kwa heshima.

Ya kwanza, pesa. Wanasema pesa ya usiku mmoja Riyadh ni pesa ya miaka kwa mtu wa Kananga. Ni kweli, na hatuwezi kumcheka mtu kwa kutafuta pesa, sisi tunaopanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri. Lakini bondia anauza vitu viwili, mwili na jina. Jina la mtu aliyempiga Anderson lilikuwa na bei yake mwezi wa Januari. Machi bei ilikuwa imeshuka. Ile pesa aliyopata, sehemu yake aliilipa mwenyewe bila kujua.

Ya pili, Andy Ruiz. Hii ndiyo hoja inayopendwa sana. Juni 1, 2019, Ruiz aliitwa kuchukua nafasi ya mtu mwingine, akampiga Anthony Joshua raundi ya saba pale New York, akabeba mikanda. Sawa. Lakini angalieni kalenda. Ruiz alikuwa amepigana Aprili 20 mwaka huohuo. Mwili ulikuwa bado moto kutoka mazoezini, na bado alipata wiki kadhaa za kujiandaa. Bakole alikuwa na siku mbili, na pambano lake la mwisho lilikuwa la Agosti, karibu miezi saba nyuma. Hao si watu wa mfano mmoja. Na mkitaka kujua Ruiz bila maandalizi ni nani, angalieni marudiano ya Desemba 2019. Alikuja na kilo zaidi ya 128, Joshua akamzungusha raundi zote 12 akashinda kwa pointi. Ruiz mwenyewe ndiye ushahidi wetu.

Ya tatu, ujasiri. Wanasema mwanaume hakatai pambano. Hapo ndipo tunapokasirika kidogo. Usiku uleule, ukumbi uleule, Agit Kabayel wa Ujerumani alimpiga Zhilei Zhang wa China raundi ya sita. Kabayel pia alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtaka. Alipigana Riyadh Desemba 2023 akamshinda Makhmudov, Mei 2024 akamshinda Sanchez, Februari 2025 akamshinda Zhang. Kila mara alikuja amejiandaa, anamjua mpinzani, mwili uko tayari. Kuna anayemwita mwoga?

Utani mmoja unazunguka hapa: sisi tumekaa kambini miaka kumi, Bakole hakukaa kambini hata siku moja. Tunacheka, lakini ndani ya utani kuna neno. Kambi ya bondia ndiyo kazi yenyewe. Zile wiki nane au kumi za kukimbia, kupunguza uzito, kusoma mikono ya mpinzani, ndizo zinazopigana. Usiku wa pambano ni siku ya kuvuna tu. Anayekupigia simu Alhamisi anakuomba uvune shamba ambalo hukulima.

Halafu jiulizeni: simu ya Alhamisi anapigiwa nani? Hapigiwi mtu mwenye mkanda. Anapigiwa mtu ambaye amengoja sana, na anayepiga anajua kwamba amengoja. Ndiyo maana jibu linajulikana kabla ya simu kulia.

Tulinganishe na dada yetu Cindy Ngamba. Yeye ni mkimbizi kama sisi. Alizaliwa Kamerun, akafika Uingereza akiwa na miaka 11, na Agosti 2024 kule Paris alipata medali ya shaba, medali ya kwanza kabisa ya Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi. Alipoingia ngumi za kulipwa hakukimbilia mkanda. Machi 7, 2025 alipigana pambano lake la kwanza Royal Albert Hall, London, akamshinda Kirsty Hill kwa pointi. Hatua ndogo, iliyopangwa mapema, na nyuma yake kuna watu wanaoweza kusema "hapana, bado". Hicho ndicho kitu tunachokosa wengi. Nguvu tunazo, moyo tunao. Mtu wa kusema hapana kwa niaba yetu ndiye hatuna.

Sasa twende kwenye pambano la Mei. Ajagba ni Mnaijeria, alikuwa Olimpiki ya Rio 2016, anajua kazi. Majaji wawili waliandika 95-95, wa tatu akampa Ajagba 96-94. Wenzetu wanalia kwamba Bakole alionewa, lakini sisi tuliona kingine. Bakole alisukuma mbele muda mrefu, ila kila baada ya mkupuo mmoja wa ngumi alihitaji kupumua, na Ajagba alitumia nafasi ile kupiga na kuondoka. Mtu aliyemmaliza Anderson hakuwa anapumua vile. Uzito ulikuwa umepungua kuliko Februari, lakini bado haujarudi pale alipokuwa Los Angeles. Ile sare ni deni la Februari ambalo bado analipa.

Kwa hiyo afanye nini? Sisi hatumjui, hatatusoma, lakini mashabiki tuna haki ya kupanga.

Kwanza, arudiane na Ajagba. Asikimbilie Kabayel, asikimbilie Parker. Sare inataka jibu, na jibu hilo halihitaji mkanda. Pili, arudi kwenye uzito wa Anderson kabla ya kusaini kitu chochote. Tatu, apigane mara nyingi, hata kumbi ndogo, hata na mtu asiyejulikana. Miezi saba ya kungoja inamuumiza kuliko ngumi ya Parker, na mtu anayepigana kila baada ya miezi mitatu anaweza kupokea simu ya ghafla akiwa na pumzi.

Na akisema amechelewa, amwangalie kaka yake wa damu. Ilunga Makabu alipigwa na Tony Bellew raundi ya tatu Mei 2016, Liverpool, wakigombea mkanda wa WBC. Wengi walimzika. Akarudi chini, akapigana pambano moja baada ya jingine, na Januari 31, 2020 akautwaa mkanda uleule, na akautwaa Kinshasa, mbele ya watu wake. Karibu miaka minne ilipita. Dawa iko kwenye familia yao wenyewe.

Tumesema simu hii inalia hata huku kwetu. Desemba iliyopita mdogo wetu mmoja, tumwite Kadogo, aliitwa mjini. Waliita Alhamisi, pambano Jumamosi. Mtu wa kupiga naye hatukumjua, uzito hawakutuambia, pesa waliyoahidi ni shilingi 50,000 na nauli juu yetu. Sisi ndio tulimsukuma. Tulisema nafasi haiji mara mbili, tulichanga nauli, tulipiga picha naye barabarani kabla hajapanda boda. Alipewa mtu aliyemzidi kilo nyingi, mkubwa kwa miaka pia. Alirudi na jicho limefunga na sikio linalopiga kengele mpaka mwezi wa pili. Alileta shilingi 30,000, wakasema zilizobaki ni za glavu alizoazimwa.

Kwa hiyo tunapomwandikia Bakole, tunajiandikia sisi. Hatukuwa watu wa Kadogo siku ile. Tulikuwa mashabiki wake, na shabiki siku zote anataka pambano.

Jumamosi iliyopita mtu yuleyule amepiga tena. Anamtaka Kadogo wiki ijayo. Safari hii tulikaa na kocha, tukaandika maswali manne kwenye daftari: mpinzani ni nani, ana kilo ngapi, daktari atakuwepo, pesa inalipwa kabla au baada. Kocha aliyasoma kwenye simu moja baada ya jingine. Yule mtu alijibu la kwanza, akasita kwenye la pili, kwenye la tatu akasema atapiga baadaye. Mpaka leo hajapiga.

Kadogo amekasirika. Anasema tumemfungia njia, anasema Bakole angalau alifika Riyadh, yeye hajafika hata Mbarara. Wawili kati yetu hawasemeshi. Hatumlaumu, ana miaka 19 na amengoja. Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili bado anakuja kukimbia nasi mpaka karibu na ziwa, ananyamaza tu. Kocha amemtafutia pambano la uzito wake mwezi wa nane. Anazo wiki kumi.