Kupe wa Milango Minne

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nataka kugombana na nyinyi, na nikimaliza nigombane na mimi mwenyewe, kwa sababu kwa hii stori mimi si shahidi. Mimi ni mshukiwa.

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja. "Bro, niko na milioni tatu hivi, ninunue CLA ama A5 Sportback?" Mwingine hana hata hiyo milioni tatu, ako na laki nane na mkopo anaotarajia. Mwingine bado anaishi kwa mamake. Lakini swali ni lilelile, na halibadiliki: hii ama ile. Hakuna anayeuliza kama anunue ama asinunue, na hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza nani ataketi nyuma.

Tuanze na jina, kwa sababu ujanja wote umefichwa kwa jina. Coupé ni Kifaransa, maana yake "iliyokatwa". Zamani lilikuwa gari la kukokotwa na farasi ambalo lilikatwa likabaki na nafasi ya watu wawili tu. Magari ya injini yalipokuja, jina likahamia kwa gari la milango miwili lenye paa fupi. Hapo hakuna shida. Milango miwili inakuambia ukweli kutoka mbali: hii ni yangu na mtu wangu mmoja, nyinyi wengine tafuteni matatu.

Sasa mwaka wa 2004 Mercedes-Benz wakatoa CLS. Wazo lenyewe halikuwa geni, Rover ya Uingereza ilishusha paa la gari la milango minne ikaliita coupé tangu 1962. Lakini CLS ndiyo iliyofanya dunia iamini. Walichukua misingi ya E-Class, wakashusha paa, wakatoa fremu za madirisha kwa milango, nyuma wakaweka viti viwili mahali E-Class inabeba watu watatu. Halafu wakaiuza bei ya juu kuliko E-Class. Soma tena hiyo sentensi polepole. Nafasi kidogo, pesa zaidi. Na watu wakapanga foleni!

Wengine wakaona pesa ziko hapo. Volkswagen wakaleta Passat CC mwaka wa 2008, Porsche wakaleta Panamera 2009, Audi wakaleta A7 2010, BMW wakaleta 6 Series Gran Coupé 2012. Halafu 2013 ikaja ile inayotusumbua sisi, CLA, iliyojengwa juu ya misingi ya A-Class, yaani Mercedes ndogo kabisa ya wakati huo, ikavalishwa suti ya CLS.

Ukilitamka hilo neno kwa Kiswahili, unapata kupe. Na kupe mnamjua. Mtoto yeyote aliyewahi kwenda shags wakati wa likizo anamjua. Anajibandika kwa ng'ombe, ananyonya pole pole, ng'ombe hasikii, na ukimwangalia amenona unaweza kudhani yeye ndiye mwenye boma. Weka hiyo picha kichwani, tutairudia.

Sitaki kudanganya ati hizo gari ni mbaya. Ni nzuri, bana. Ule mstari unaotoka boneti, unapanda paa, unashuka mpaka buti bila kukatika hata mahali pamoja, ukiuona usiku Thika Road taa zikiupiga, moyo unaruka. Kioo kikishuka hakuna fremu inabaki, mlango unakaa kama umekatwa kwa makasi. Mimi napenda vitu vizuri, na sitaomba msamaha kwa hilo. Mtoto wa mtaa ana haki ya kupenda kitu kizuri kama vile mtoto wa Karen.

Lakini angalia uzuri huo unaonekana ukiwa wapi. Ukiwa nje, kando ya barabara, ukiangalia gari kutoka ubavuni. Dereva haoni lile paa. Abiria wa nyuma haoni, yeye analisikia tu kichwani. Anayefaidi ni mpita njia na kamera. Hii ni gari iliyochorwa kwa ajili ya picha miaka mingi kabla ya sisi kuanza kuishi ndani ya picha. Ndiyo maana ilitupata kirahisi hivyo.

Sasa angalia wenye pesa zao wanafanya nini. Mwaka wa 2023 Porsche waliuza magari 320,221 duniani. Panamera, ile kupe yao ya milango minne, zilikuwa 34,020, yaani karibu moja kati ya kumi. Cayenne na Macan, gari refu za familia, pamoja zilikuwa 174,908, zaidi ya nusu ya mauzo yote. Mwaka uliofuata Panamera ikashuka mpaka 29,587 na Cayenne peke yake ikapanda mpaka 102,889. Na CLS yenyewe, mama wa mtindo wote huu? Mercedes waliacha kuiunda 2023. Haikupata mrithi.

Hata Ferrari, watu walioapa miaka yote kwamba hawatatengeneza gari refu, mwaka wa 2022 walileta Purosangue yenye milango minne, na mpaka leo hawataki uiite SUV. Yaani kwa matajiri, karamu ya kupe inaisha, wanapanda juu wakanyooshe miguu.

Lakini CLA haikufa. Mwaka wa 2025 ilizaliwa upya, na safari hii ikaanza na ya umeme. Unajua kwa nini? Kwa sababu tangu siku ya kwanza iliundwa kama mlango wa kuingilia, Mercedes ya kwanza ya kijana ambaye hajawahi kuwa na Mercedes. Aliyefika anataka nafasi. Anayepanda ngazi anataka kuonekana anapanda. Kupe imeachiwa sisi tulio kwenye ngazi.

Sasa ilete hapa Kenya. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8, kwa hivyo zile CLS za mwisho zitaendelea kushuka bandarini Mombasa mpaka karibu 2031, na sisi tutaendelea kuziita mpya. Halafu kuna kodi. Chukua gari ya injini ya 1600 ambayo KRA wameipa thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hiyo ni 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, na hauhesabiwi kwa milioni moja, unahesabiwa kwa 1,350,000, hiyo ni 337,500. VAT asilimia 16 juu ya jumla hiyo yote ni 270,000. Tayari umelipa 957,500 ya kodi kwa gari la milioni moja, na bado kuna ada ndogondogo za kuingiza mzigo, usajili, na faida ya mwenye yadi. Unakopa, kisha nusu ya mkopo wako si chuma wala ngozi ya kiti. Ni kodi unayoilipia riba.

Najua kuna mtu tayari anaandika "wivu". Ngoja nikuambie kuhusu Brayo.

Brayo si jina lake. Tulikuwa chumba kimoja chuoni kabla mimi sijaacha masomo mwaka wa pili. Miaka miwili iliyopita nilikodisha kupe moja nyeupe kwa siku moja, shilingi 15,000, nikapiga video saba na mashati saba tofauti, nikaziachilia kwa wiki tatu. Sikusema ni yangu. Pia sikusema si yangu. Niliandika tu, "Mtoto wa mama mboga, Mungu ni nani?" Ile video ilipasuka. Niliingia mtandaoni asubuhi nikajiona nimekuwa mfano wa kuigwa.

Brayo alinipigia simu. Akauliza, "Msee, uliwezaje?" Nilicheka. Nikamwambia, "Ni neema tu, bro." Hayo maneno matatu bado yananiamsha usiku.

Yeye alikuwa anaandikia watu kazi mtandaoni, na alikuwa anapata doh poa. Akapata CLA ya milioni 3.1 kwa mpango wa kulipa pole pole. Alitoa 1,400,000. Kati ya hizo, 400,000 zilitoka kwa chama cha mamake, mama alichukua mkopo kwa jina lake. Zilizobaki alitakiwa kulipa 74,000 kila mwezi kwa miezi 36. Fanya hesabu ambayo hakuna aliyemfanyia siku hiyo: ni 2,664,000. Ongeza ile ya kwanza, ni 4,064,000. Kwa gari la milioni 3.1.

Jumapili ya kwanza akaenda kumchukua mamake kanisani. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimeshika simu, narekodi, kwa sababu ndivyo nilivyo. Mathe akafungua mlango wa nyuma, akainama, kichwa kikagonga paa, kilemba kikaanguka chini. Akajaribu tena kwa kutanguliza mguu, na magoti yake si ya jana. Alipofika ndani akakaa shingo imepinda, mikono kwa mapaja, kama mtu amealikwa mahali hapamtoshi. Brayo akamuuliza, "Mum, unaonaje?" Mama akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Lakini inataka mtu asujudu kwanza."

Tulicheka sana. Hiyo video ilipata watazamaji wengi.

Mwezi wa saba giaboksi ikaanza kupiga teke. Fundi akataja pesa ambazo hazikuwa kwa bajeti. Kazi ya mtandaoni nayo ikapungua wateja walipogundua akili bandia inaandika bure. Alikosa malipo ya mwezi mmoja, halafu wa pili. Wapiga mnada wakakuja Rongai saa kumi na moja asubuhi na kibali mkononi, wakaivuta ikiwa imezimwa. Logibuku haikuwa yake tangu mwanzo. Lakini deni la chama ni la mama. Mpaka leo anauza mboga akilipa kiti ambacho kilimpiga kichwani.

Sasa niambie tena ni wivu.

Wengine wataniambia, "Acha watu waishi, maisha ni mafupi." Sawa. Ukiwa na doh yako, umeilipa yote, nunua kupe, nunua mbili, nitakupigia makofi na nitaomba kuendesha. Ugomvi wangu si na gari iliyolipwa. Ugomvi wangu ni na gari inayolipiwa na mtu ambaye hata hatoshei ndani.

Na nyinyi wazee mnaotabasamu hapo mkisema "tuliwaambia mnunue ploti", msifurahi mapema. Mheshimiwa anayepita na gari refu jeusi, ving'ora mbele na nyuma, amefanya ujanja uleule, ila yeye amenunua paa la juu kwa kodi zetu. Tulijifunza kwenu kwamba mtu ni gari lake. Mliyekuja harambee na Vitz hamkumpa kiti cha mbele. Msitushangae tukikopa kiti.

Lakini siwezi kuwalaumu wazee nikajiacha. Sisi tunaotengeneza kontenti ndio kupe wenyewe. Gari halikumnyonya Brayo. Ile video ndiyo iliyomnyonya, na ilikuwa yangu. Ng'ombe hasikii, kupe ananona, watu wanapita wakisema tazama vile kale kajamaa kameomoka. Nililipwa na wale watazamaji. Si pesa nyingi, lakini nililipwa. Brayo akalipa.

Kwa hivyo kuanzia leo, kila gari utaliona kwa video yangu litakuwa na neno moja chini, kwa herufi kubwa: LIMEKODISHWA. Kama ni la rafiki, nitasema ni la rafiki. Na nawaita wenzangu wote mnaopiga picha kwa yadi ukiwa umeomba ufunguo wa dakika tano, mnajijua, fanyeni hivyo pia. Mkikataa, msiniite hater nikianza kuuliza logibuku hadharani.

Na wewe uliye na swali la CLA ama A5, jibu langu ni hili, na sitalibadilisha. Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda yadi na mtu aliyekulea. Mama, baba, shosho, yeyote. Mfungulie mlango wa nyuma. Mwache aingie mwenyewe, aketi, afunge. Usimsaidie. Kaa mbele dakika kumi, ongea naye kuhusu mkopo, taja kila mwezi ni ngapi na ni miezi mingapi, useme kwa sauti. Halafu geuka umwangalie shingo.

Kama shingo imenyooka na hesabu imenyooka, nunua, na Mungu akubariki.

Kama imepinda, rudisha ufunguo, mpeleke mathe chai. Bado mnatoshea kwa matatu.

Mimi nimeanza kumtumia mama Brayo 5,000 kila mwezi. Hakuniomba. Hajui kwa nini, anadhani ni neema.