Programu haizibi pengo la madaktari

Katika mikutano ya afya na teknolojia siku hizi hoja moja haikosekani: Afrika haina madaktari wa kutosha, kwa hiyo akili mnemba ndiyo itakayoziba pengo. Wanaoisema wengi wao wana nia njema, na ndiyo maana inafaa kujibiwa kwa uzito. Inachukulia kwamba madaktari hawapo. Inachukulia pia kwamba kinachomkwamisha mgonjwa ni kukosa wa kumwambia anaumwa nini.

Tuanze na hilo la kwanza. Machi 2024 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma, na mgomo ukadumu siku 56. Kiini chake kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi: vijana waliokwisha kuhitimu wakisubiri kupangiwa vituo, huku serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 za makubaliano ya mwaka 2017. Nchi inayolia upungufu wa madaktari ilikuwa nao, imewasomesha, ikashindwa kuelewana nao juu ya malipo. Nchini Tanzania nako, wahitimu wa udaktari na uuguzi kukaa mtaani wakisubiri ajira si habari ngeni. Upungufu wa namna hii umetokana na bajeti, na kununua programu hakuugusi.

La pili linahitaji muda zaidi, kwa sababu hapo akili mnemba ina kazi ya kweli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha za eksirei ya kifua badala ya binadamu, katika kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi wanaoweza kuwa na kifua kikuu. Ni hatua kubwa. Mashine ya kubebeka inafikishwa kijijini au machimboni, picha inasomwa papo hapo, na anayetiliwa shaka anajulikana kabla hajaondoka. Lakini mfuate mtu huyo kuanzia hapo. Picha haithibitishi ugonjwa. Lazima atoe makohozi, makohozi yasafirishwe hadi penye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, pawe na umeme na katriji, majibu yarudi, kisha mtu amtafute mgonjwa ambaye huenda amekwishahamia machimbo mengine. Aanzishiwe dawa, afuatiliwe kwa miezi, na wanaoishi naye wapimwe pia. Kadiri programu inavyoibua wagonjwa wengi, ndivyo kazi hizi zote zinavyoongezeka, na zinawaangukia mtumishi wa maabara, muuguzi na mhudumu wa afya wa jamii, ambao mara nyingi kipato chao ni kidogo na wengine hujitolea tu.

Hata jibu lenyewe linahitaji watu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu hubaki na makovu mapafuni, na utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kuwa programu hizi hukosea zaidi kwa watu kama hao. Mchimbaji wa Mirerani, wilayani Simanjiro nchini Tanzania, aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka ana mapafu yenye alama zake. Kiwango cha kumhesabu mtu kuwa mshukiwa hakinakiliwi kutoka Dhaka kikaletwa Simanjiro. Lazima kipimwe upya na watafiti wanaowajua wagonjwa wa hapo.

Google waliuona ugumu huu wa kuipeleka programu mahali papya nchini Thailand, na ni vyema waliuandika wenyewe mwaka 2020. Programu yao ya kutambua madhara ya kisukari machoni ilikuwa imefanya vizuri sana kwenye majaribio. Ilipofika zahanati, ambako wauguzi walipiga picha katika vyumba visivyo na giza la kutosha, ilikataa asilimia 21 ya picha 1,838 ilizopewa. Mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa aliambiwa aende akamwone mtaalamu kwingine, siku nyingine, hata kama hakuwa na dalili yoyote.

Anayeitetea hoja ninayoipinga atanipeleka Nairobi, na ana haki. Mwaka 2025 Penda Health, mtandao wa kliniki za huko, na OpenAI walitoa matokeo ya kujaribu programu ya kumsaidia tabibu katika karibu mahudhurio 40,000 kwenye kliniki 15: makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu kwa asilimia 13. Nayakubali, na natamani kila tabibu wa kijijini apate msaada huo. Lakini katika kila hudhurio tabibu alikuwepo. Programu ilisoma alichoandika na kumtahadharisha. Uamuzi ulibaki kwake, na uongozi wa kliniki ulilazimika kuwafundisha matabibu na kuwafuatilia hadi wakazoea kuzingatia tahadhari hizo. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya waliohudumiwa na matabibu wenye programu na waliohudumiwa na wasio nayo haikuwa ya kutegemewa kitakwimu. Huo ni msaada kwa mtumishi aliyepo. Hauchukui nafasi ya yule ambaye hajaajiriwa.

Kwa hiyo wizara inayoletewa mkataba wa programu ya namna hii idai humo humo idadi ya watumishi watakaoajiriwa kuwahudumia wagonjwa watakaoibuliwa, na fedha za mishahara yao zitengwe kabla ya malipo ya leseni. Watafiti nao wasiishie kuripoti jinsi mashine ilivyosoma picha kwa usahihi. Wahesabu ni wangapi kati ya waliotiliwa shaka walitoa makohozi, wangapi walipata majibu, na wangapi walimaliza dawa.