Kikifutwa kwenye SSD, tusidanganyane

Najua nimepotea. Kazi za kuandika programu zilinibana, na umeme wa huku Saboti nao mnaujua: huja na kuondoka bila kuaga. Leo nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi alinijia mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama wakulima wa mahindi. Alikuwa amebeba laptopu ya mitumba aliyoinunua Kitale. Kijana wake alitaka nafasi ya michezo, akafomati sehemu ya D bila kuuliza. Humo ndimo mlimokuwa hesabu za chama za miaka 4: nani amelipa, nani amekopa, nani bado anadaiwa.

"Mwanangu," akaniambia, "fundi amesema vyote vitarudi. Nimempa elfu mbili. Mashine imekaa kwake siku tatu ikitafuta."

Siku tatu, jamani! Na ndani mna SSD!

Nieleze kwa kifupi. Diski za zamani zile zinazozunguka, ukifuta faili, kompyuta hufuta jina lake tu kwenye orodha. Ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kitabuni. Sura zenyewe bado zipo hadi ziandikwe juu yake. Ndiyo maana programu ya bure kama PhotoRec imeokoa picha za harusi nyingi.

SSD haiko hivyo. Chipu zake haziwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Lazima zifutwe kwanza, tena kwa mafungu makubwa, na kufuta kunachukua muda. Kwa hiyo mfumo endeshi huipelekea diski amri iitwayo TRIM: sehemu hizi hazina kazi tena. Diski nayo huzisafisha kwa wakati wake, kama mwalimu anayefuta ubao wakati wa mapumziko ili kipindi kijacho asichelewe. Windows 7 ilikuja na amri hii mwaka 2009, na Linux ikaipata katika kiini 2.6.33 mwaka 2010. Siku hizi hata kufomati kwa haraka kwenye Windows huituma.

Sasa mnaona kosa la kuiacha mashine ikiwaka siku tatu? Diski haihitaji kuambiwa na mtu. Ikipata umeme tu, inaendelea na usafi wake.

Niliiwasha laptopu ile kwa Linux iliyo kwenye flashi, nikaisoma diski bila kuandika chochote. Sifuri, sifuri, sifuri. Sikumtoza hata shilingi, maana sikuwa na cha kumuuzia.

Naomba nieleweke. Sisemi hakuna kinachorudi kamwe. Flashi nyingi na kadi za kumbukumbu za simu hazitumii TRIM, kwa hiyo hapo jaribu. SSD iliyokufa ghafla bila kufutwa chochote pia inaweza kuwa na tumaini kwa mtaalamu mwenye vifaa, ingawa nyingi husimba data zenyewe, na kung'oa chipu hakusaidii. Lakini faili iliyofutwa kwenye SSD ya ndani ya laptopu ya kisasa? Izime papo hapo, na usitoe pesa kwa mtu anayeahidi kabla hajaangalia. Fundi mwaminifu hukuuliza kwanza, "Ni diski ya aina gani?"

Maoni yangu ni haya: sisi wa kompyuta tumewadanganya watu. Kwa miaka mingi tuliwaambia kwa majivuno kwamba kilichofutwa hakipotei. Ilikuwa kweli wakati ule. Diski zimebadilika, sisi hatujarudi kuwaambia.

Yule mama tulimwokoa kwa njia nyingine. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akituma hesabu kwa PDF kwenye kundi la WhatsApp, na simu za wanachama zilikuwa bado nazo. Daftari lake la mkono likaziba mapengo mengine. Lakini mikopo miwili ya mwezi huu haimo popote, na sasa chama kinategemea neno la waliokopa.

Basi leo, kabla hujalala, nakili faili zako muhimu kwenye flashi, kisha uiweke mbali na laptopu. Ukiwa na mama mweka hazina, fanya na zake.

Tuonane tena, umeme ukiruhusu.