Mkulima Mnayemsemea

Swali lilikuja kabla sijafika kwenye mbinu za utafiti. "Sasa hizi kloroplasti zako zitamsaidia nini mkulima wa Chamwino?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa woga. Nikababaisha maneno mawili matatu kuhusu usalama wa chakula, nikashukuru, nikakaa. Wiki mbili baadaye pendekezo langu la utafiti wa uzamili lilirudi likiwa na maelekezo: punguza mambo ya seli, onyesha tija.

Sitataja jopo wala chuo, maana swali lile halina mwenyewe. Utalisikia kwenye semina, kwenye usaili wa ufadhili, hata kwa mjomba sebuleni. Na kila linapoulizwa, anayeuliza hangoji jibu. Mkulima anatajwa ili mazungumzo yaishe. Mimi nataka yaanze, kwa sababu mkulima wa Chamwino ninamfahamu. Ni bibi yangu, analima mtama na uwele Mvumi.

Nilipokuwa darasa la sita alinionyesha mche wa mahindi uliochipua mweupe pe, kama umechovywa kwenye maziwa. Nilitaka kuung'oa, akanizuia. "Uache, utauona. Huo unakula akiba aliyoachiwa na mama yake. Ikiisha, basi." Baada ya siku chache ulikuwa umelala chini. Bibi hajawahi kulisikia neno kloroplasti, lakini siku ile alinifundisha biolojia kuliko nilivyokuja kufundishwa miaka minne ya sekondari.

Sekondari tulichora kloroplasti, vile vifuko vya kijani ndani ya jani vinavyofanya usanisinuru, tukaandika pembeni "kiwanda cha chakula cha mmea", tukapata maksi zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba kiwanda hiki hakiwezi kujiendesha hata kidogo. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, babu yake alikuwa bakteria aliyejitegemea, mwenye jeni zake zote. Alipomezwa na seli nyingine wakazoeana, na jeni zake nyingi zikahamia kwenye kiini cha seli, kama mafaili ya wizara yalivyohamia Dodoma. Leo kloroplasti ya mmea wa kawaida imebaki na jeni kama 80 tu za kutengeneza protini, ilhali inahitaji protini zipatazo 3,000. Karibu zote hutengenezwa nje, kwa maagizo ya kiini, kisha huingizwa.

Huingizwaje? Kila mtu aliyewahi kufuata huduma katika nchi hii atalielewa jibu. Protini huja na barua ya utambulisho: kipande cha ziada kilichounganishwa mbele yake. Lango la nje, linaloitwa TOC, huisoma barua hiyo na kuipitisha protini ikiwa imenyooshwa kama uzi. Lango la ndani, TIC, huipokea. Ikishaingia, barua hukatwa, protini hujikunja katika umbo lake na kwenda kazini.

Mfano mzuri ni Rubisko, protini inayonasa hewa ya ukaa ili igeuzwe sukari. Imeundwa kwa vipande vinane vikubwa na vinane vidogo. Vikubwa hutengenezwa kwa jeni iliyobaki ndani ya kloroplasti. Vidogo hutoka nje na kupita langoni. Upande mmoja ukichelewa, mwingine hauna kazi.

Hata jeni chache zilizobaki ndani hazisomeki bila msaada wa wageni. Mwaka 1991 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walikuta jambo la ajabu kwenye kloroplasti za mahindi. Nakala ya RNA ya jeni moja ilikosa alama ya "anzia hapa", kwa sababu herufi C ilikaa mahali pa U. Kloroplasti ilikuwa inairekebisha herufi hiyo kabla ya kuitumia. Leo tunajua kwamba protini zinazochagua herufi za kusahihisha, na nyingi kati ya zile zinazokata na kuunga nakala hizo, hutengenezwa kwa jeni za kiini na kupita kwenye lango lile lile. Ndiyo maana lango likiharibika, kila kitu huharibika. Mmea mdogo uitwao Arabidopsis ukikosa kipande kimoja cha lango, Toc159, huota mweupe na kufa mchanga, kama mche wa bibi.

Sasa turudi Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, na mara nyingi hukatika katikati ya msimu huo. Mwaka 2015 Qihua Ling na Paul Jarvis wa Oxford walionyesha, kwa kutumia Arabidopsis hiyo hiyo, kwamba mmea ukibanwa na hali inayofanana na ukame au chumvi nyingi, protini iitwayo SP1 huyavunja malango ya nje ya kloroplasti. Mashine za usanisinuru hupungua, na sumu zinazozalishwa na mwanga mkali hupungua pia. Mimea iliyoongezewa SP1 ilistahimili dhiki hiyo vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, jua linapokaza, mmea hupunguza wanaoingia.

Je, mtama nao hufanya hivyo? Kwa nini aina fulani za mtama hubaki na majani ya kijani baada ya kuchanua, hata mvua inapokatika, na nyingine huungua? Wazalishaji wa mbegu wanaijua sifa hii ya kubaki kijani, na chanzo chake kimojawapo mashuhuri ni mtama wa Ethiopia. Bibi naye anaijua. Kila mwaka wa njaa husimama mpakani mwa shamba na kuuliza: "Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule. Mbona wa jirani umebaki kijani na wangu umekauka?"

Hilo ndilo swali la kloroplasti. Limeulizwa na mtu yule yule mnayemtaja ili mimi ninyamaze.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Fedha ni kidogo. Mkulima anahitaji mbegu, mbolea, barabara na bei, na anavihitaji mwaka huu. Sisemi kila mwanafunzi aende kuchungulia seli. Nasema tusijenge nchi ambayo swali la "kwa nini" linaulizwa na wengine tu. Kazi ya malango haya ilianza kueleweka kupitia njegere, spinachi na mwani. Arabidopsis ni gugu, hakuna anayelipika. Mtama, zao lililofugwa hapa Afrika, ulichapishiwa jinomu yake mwaka 2009, kwa mbegu ya Marekani, katika kazi iliyoongozwa kutoka Marekani. Sisi tulio nao shambani, tena tukiwa na kituo cha TARI Hombolo kinachoshughulikia mtama na uwele hapa hapa Dodoma, tunaambiwa tusubiri majibu yafungashwe.

Na kama ni tija, tuizungumzie Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Mpango ulikuwa na tija tele kwenye makaratasi. Kilichokosekana ni subira ya kuuliza mvua hunyeshaje na udongo ule hufanya nini ukikauka. Udongo uligeuka sakafu, karanga hazikung'oleka, na mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Maswali yaliyoonekana anasa yangegharimu kidogo sana kuliko hapo.

Februari nilikwenda Mvumi. Tukiwa tunachambua mlenda, nilimweleza bibi habari za lango na barua ya utambulisho. Alicheka aliposikia barua inachanwa. Kisha akanyamaza, akauliza: "Sasa mjukuu wangu, jua likikaza, nani anaamuru lango lifungwe? Na huyo anajuaje saa ya kulifungua?"

Swali hilo lilikuwa ukurasa wa nne wa pendekezo langu, kabla sijaambiwa nilifute. Ninalirudisha. Safari hii, mkiniuliza litamsaidia nini mkulima wa Chamwino, nitawaomba mumuulize mwenyewe, maana swali ni lake.