Kiwanda kilipie, shabiki asisahauliwe

UPEPO WA PWANI
Na Salim Mwinyikombo

Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda East African Safari kwa Peugeot 404, gari la aina ile ile iliyokuwa ikibeba abiria na mizigo kwenye barabara zetu.

Mbio hizo zilipoanza 1953, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa makundi kwa bei yake ya dukani. Kanuni hiyo ilimjibu shabiki swali lake: kwa pesa hizi, gari gani litavuka tope la masika? Gari lilipofika bampa imefungwa kwa waya na taa moja imezimika, lakini injini bado inaunguruma, aliyesimama kando ya barabara alikuwa ameona kwa macho yake. Kiwanda kikauza kwa sababu mnunuzi aliamini alichokiona.

Mbio hizo, sasa zikiitwa Safari Rally, zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, Kenya, na nimefurahi kama kila mpenda magari. Hata hivyo, Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza mwaka 2022, ikazichukua tena 2023. Yaris yake ya mbio imejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na hakuna duka linaloiuza. Daraja la juu la ubingwa huo lilianza kwa kanuni mpya mwaka 2022 likitegemea Toyota, Hyundai na Ford tu. Kiwanda kimoja kikijitoa, pengo lake halizibiki kirahisi, basi neno la kiwanda lina uzito mezani kuliko la umati mzima.

Sisemi viwanda vifukuzwe. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica, na bila fedha za kiwanda sidhani kama angefika pale. Fedha zao zina kazi. Ninachokataa ni kuviachia kalamu ya kanuni.

Huku kwetu Tanzania bado tuna nafasi ya kupanga vizuri. Mbio za taifa zimewahi kuletwa Bagamoyo, na barabara za udongo za Kiwangwa na Miono zinafaa kabisa. Mkulima wa mananasi atakayeacha shamba asubuhi ile anataka kuona pikapu au saluni kama ya jirani yake ikipambana na kona, dereva akiwa mtu anayemjua kwa jina. Haitoshi kumwonyesha gari moja la mamilioni linalopita peke yake na kumwachia vumbi.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia mbio za magari nchini: wekeni kundi la magari yanayouzwa na kutengenezwa na mafundi wetu, lipeni zawadi yenye heshima, na lipitisheni mapema, kabla watu hawajachoka kusubiri. Mfadhili apewe nafasi ya tangazo, lakini kura ya kanuni isiwe yake.