Namba Inayofuata: Kukisia Si Kuthibitisha

Swali moja limezoeleka mno katika mazoezi ya hisabati: "Andika namba inayofuata: 1, 2, 4, 8, 16, ..." Mwanafunzi anayeandika 32 hupewa alama. Anayeandika 31 huhesabiwa kuwa amekosa, wala haulizwi alivyofikiri. Hata hivyo, huyu wa pili aweza kuwa na hoja iliyo kamili.

Msomaji na achore duara, atie nukta juu ya mzingo wake, kisha aunganishe kila nukta na kila nyingine kwa mistari iliyonyoka, akiangalia kuwa mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani ya duara. Nukta 1 huliacha duara likiwa sehemu 1. Nukta 2 hutoa sehemu 2. Nukta 3, sehemu 4. Nukta 4, sehemu 8. Nukta 5, sehemu 16. Kwa nukta 6 sehemu huwa 31, wala hakuna ustadi wa kuchora utakaoleta 32.

Sababu yake yaelezeka. Duara tupu ni sehemu 1. Kila mstari huongeza sehemu 1, na kila mahali mistari miwili inapokatana huongezeka sehemu 1 nyingine. Nukta 6 hutoa jozi 15, yaani mistari 15. Aidha, kila kundi la nukta 4 hufanya makutano 1, na makundi hayo ni 15. Basi 1 + 15 + 15 = 31. Kwa njia hiyo hiyo nukta 7 hutoa 1 + 21 + 35, yaani 57.

Hata mabingwa wamepotoshwa na mifano michache. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat wa Ufaransa alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kwa kutoa 1 katika ile iliyotangulia, kuzidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha kuongeza 1. Zote tano ni namba tasa, naye akaamini kuwa zitakazofuata zitakuwa tasa vilevile. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ya sita, 4,294,967,297, hugawanyika kwa 641. Mawingu ni dalili ya mvua, lakini si kila wingu hunyesha.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi hawezi kudaiwa uthibitisho, na kwamba kukisia huamsha akili. Hoja hiyo ina ukweli. Kukisia ndiko mwanzo wa ugunduzi. Kisio la Fermat lenyewe ndilo lililompa Euler kazi ya kufanya. Lakini kosa huingia pale kisio linapopewa heshima ya jibu la pekee.

Dawa yake si ngumu. Ama mtunga swali ataje kanuni, kwa mfano kwamba kila namba ni mara mbili ya ile iliyotangulia. Ama mwanafunzi atakiwe aandike kanuni aliyoitumia, na alama zitolewe kwa kanuni hiyo. Ni kweli kwamba usahihishaji utachukua muda zaidi katika darasa kubwa. Hata hivyo, mstari mmoja wa maelezo watosha, na faida yake ni kubwa. Mwenye kanuni ya mfuatano 3, 7, 11, 15, kwamba 4 huongezwa kila mara, huifikia namba ya 100, yaani 3 + 99 × 4 = 399, bila kuandika zote zilizotangulia.

Mtoto anayefundishwa kuwa jibu sahihi ni lile lililo kichwani mwa mwalimu hujifunza kutii, si kufikiri. Ukubwani aweza kuamini kuwa mavuno mema ya miaka mitano ni ahadi ya mwaka wa sita. Sayansi humtaka aulize kwanza: kwa sababu gani?